Grbl, Mach3, LinuxCNC au kisanduku cha mkononi: kuchagua kidhibiti cha mashine ya kuchonga kwa kuangalia siku itakapogoma

Mtu anayetaka mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta kwa ajili ya karakana yake ya nyumbani huuliza kwanza ukubwa wa meza, kasi na bei. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanahusu siku mashine inapofanya kazi. Ulinganisho huu unaanzia upande wa pili: siku mota inaponguruma bila kuzunguka, duara linapotoka na kona, au kazi ya saa tatu inaposimama katikati kwa ujumbe mfupi usioeleweka, ni mfumo gani utakaomwonyesha mwenye mashine kasoro ilipo, na ni upi utakaomwacha akibahatisha? Kwa anayeishi Mombasa swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu fundi wa mashine hizi hapatikani kila mtaa, umeme hukatika, hewa ya bahari ina chumvi, na kipuri kisichopatikana madukani hapa mjini husubiri basi la usiku kutoka Luthuli, Nairobi, au kifurushi kutoka China ambacho huchukua wiki kadhaa.

Mifumo inayolinganishwa ni minne. Grbl ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud na baadaye kuendelezwa na Sungeun Jeon. Inakaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino Uno na hupokea amri kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Mach3 ni programu ya kulipia ya Windows, iliyotungwa na Art Fenerty, ambayo kwa asili yake hutuma mapigo ya umeme yanayoisogeza mota hatua kwa hatua kupitia ile soketi pana ya printa za zamani yenye pini 25. LinuxCNC nayo ni programu huria, inayotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990, na huendeshwa kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux uliorekebishwa ili usichelewe kutoa mapigo. Wa nne ni kisanduku kinachojitegemea, ama cha kushikwa mkononi kama vile vya RichAuto au cha kufungwa kwenye paneli kama vile vya DDCS, ambacho husoma faili kutoka kwenye flashi na hakihitaji kompyuta kando yake.

Makosa ambayo hakuna kidhibiti kitakachokuambia

Kabla ya kulinganisha skrini, ni lazima kukubali kwamba mashine nyingi za nyumbani hutumia mota za hatua zisizorudisha habari yoyote. Kidhibiti hutoa mapigo na kuamini kwamba mota imeyafuata. Isipoyafuata, namba kwenye skrini zitaendelea kuwa safi kabisa huku kisu kikiwa milimita nne mbali na mahali pake. Katika jambo hili mifumo yote minne iko sawa, na itabaki hivyo mpaka mtu anunue mota zenye enkoda, yaani kifaa kinachohesabu mzunguko halisi. Kwa hiyo kosa la aina hii husomwa kwenye ubao uliochongwa, na ubao huonyesha tofauti zilizo wazi kwa anayejua anachotafuta.

Kosa la uwiano hukua pamoja na umbali: ukiamuru milimita 100 ukapata 98, basi ukiamuru 200 utapata 196. Hapo idadi ya hatua kwa milimita imewekwa vibaya, na hesabu yake ni fupi. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, yaani bodi inayopokea mapigo na kuilisha mota umeme, ikiwekwa kugawa kila hatua mara 8 huzifanya 1600. Skrubu ya golori ya aina ya 1605 husogeza milimita 5 kwa mzunguko. Basi 1600 ukigawa kwa 5 unapata hatua 320 kwa milimita. Kosa likiwa nusu kamili au maradufu kamili, kalipa haina kazi hapo, bali tazama draiva na jampa zake, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini: A4988 hugawa hatua mara 16 kwa jampa zote tatu, ilhali DRV8825 kwa jampa zilezile hugawa mara 32, na mtu aliyeiweka DRV8825 mahali pa A4988 bila kugusa mipangilio atapata nusu ya umbali aliouamuru.

Ulegevu, ambao mafundi wetu huueleza kwa neno moja tu kwamba mashine "inacheza", hauongezeki kwa umbali. Ni ileile robo ya milimita kila mhimili unapogeuza mwelekeo, na duara hutoka na vidato vidogo kwenye pande zake nne, pale ambapo X au Y hugeuka. Kupoteza hatua kuna sura nyingine kabisa: kuanzia mstari fulani mchoro wote umehama upande mmoja, na mashine ikiamriwa kurudi kwenye sifuri hairudi ilikoanzia. Sababu kubwa hapa kwetu ni ugumu wa mbao. Kasi zinazotajwa kwenye video za mafunzo kutoka Ulaya na Marekani mara nyingi ni za msonobari au plaiwudi laini, na anayezinakili kwa kuchonga nakshi za milango ya Mji wa Kale juu ya mbambakofi anaidai mota nguvu ambayo haina.

Kuna kosa la nne linalofanana mno na kupoteza hatua, nalo ni kapulingi, yaani kiungo kati ya mota na skrubu, inayoteleza kwenye shafti ya mota. Kuvitenganisha kunahitaji kalamu ya wino mzito tu: chora mstari mmoja unaopita juu ya shafti, kapulingi na skrubu, kisha endesha kazi. Mstari ukikatika, skrubu ndogo ya kubana imelegea. Mstari ukibaki mzima ilhali mchoro umehama, mota yenyewe imeshindwa kufuata, na hapo ndipo panapofaa kupunguza kasi, kupunguza ongezeko la kasi, au kupima mkondo uliowekwa kwenye draiva.

Mhimili wa Z una udanganyifu wake wa pwani. Meza nyingi za nyumbani huwekewa ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) wa kuchongea juu yake, na MDF hunywa unyevu. Wakati wa masika, katika chumba kisicho na dari nzuri, ubao huo huvimba bila kulingana, na maandishi ya kina cha nusu milimita hutoka mazito upande mmoja na hafifu upande mwingine, nao wengi hukimbilia kuilaumu mota. Kigezo ni mahali na wakati. Kina kikibadilika daima palepale kwenye meza, kosa ni la meza, na hutibiwa kwa kuiparaza upya kwa kisu kipana. Kina kikizidi kadiri muda unavyokwenda bila kujali mahali, fungua koleti, yaani kibano kinachoshika kisu, kwanza, kwa kuwa kisu cha mizunguko inayopandisha taka juu huvutwa na ubao kidogo kidogo kutoka kwenye koleti chafu au iliyochakaa.

Yakishaondolewa hayo, linabaki jaribio la kubadilishana, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko skrini yoyote. Zima umeme, subiri taa za draiva zizimike, kisha hamisha waya wa mota ya X uende kwenye draiva ya Y, na ule wa Y uende kwenye draiva ya X. Kuchomoa mota draiva ikiwa na umeme ni njia fupi ya kuiua draiva. Ukiwasha tena, kosa likibaki kwa mota ileile, tatizo ni mota, waya wake au mzigo inaousukuma. Likihamia kwa mota ya pili, tatizo ni draiva au kilicho nyuma yake. Jaribio hili ndilo sababu ya kupendelea draiva zinazojitegemea, kama DM542, au angalau zile ndogo za kuchomeka, badala ya bodi moja ambayo draiva zake zimelehemewa humo humo kama ilivyo kwenye mashine nyingi ndogo za aina ya 3018. Katika bodi ya namna hiyo bado unaweza kujaribu, lakini ukigundua draiva ya X imekufa utatupa bodi nzima.

Grbl

Grbl husema maneno machache, lakini ya kweli, na yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Tahadhari namba 1 maana yake swichi ya kikomo imeguswa, au kidhibiti kinadhani imeguswa. Namba 2, amri imevuka ukubwa wa meza uliouandika kwenye mipangilio. Namba 3, mfumo umeanzishwa upya mashine ikiwa mwendoni, kwa hiyo mahali pake hapaaminiki. Namba 8 na 9 zinahusu kutafuta nyumbani, yaani mashine kusogea hadi iguse swichi zake za mwanzo ili ijue ilipo, ya kwanza ikiwa swichi haikuachia mashine ilipojivuta nyuma, ya pili ikiwa swichi haikupatikana kabisa.

Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuiuliza. Fungua programu ya kutuma amri, kwa mfano Universal Gcode Sender au Candle, andika alama ya kuuliza peke yake, na Grbl 1.1 itajibu kwa mstari mmoja wa namna hii:

Alarm|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0|Pn:XZ

Herufi zinazofuata Pn ni pini zinazosomeka kuwa zimebonyezwa wakati huohuo. Hapa X na Z zinasomeka, na kama hakuna kitu kinachogusa swichi hizo, basi ama waya umekatika, ama mpangilio wa $5 unaosema swichi ni za aina gani umegeuzwa. Bonyeza swichi ya Y kwa kidole, uliza tena, na herufi Y itokee. Achia, na ipotee. Isipotokea, umeshajua ndani ya dakika mbili kwamba kasoro iko kati ya swichi hiyo na bodi, na hujafungua hata skrubu moja.

Kasoro moja ya Grbl inastahili kutajwa kwa jina kwa sababu imewasumbua wengi wanaojenga wenyewe. Bodi ya kupachika juu ya Arduino inayoitwa CNC Shield V3 iliandikwa maandishi yake kabla pini hazijabadilishwa. Maandishi yanasema swichi ya Z iko pini ya 11, ilhali Grbl 1.1 inaisoma pini ya 12, na ya 11 imepewa kazi ya kudhibiti kasi ya spindeli, mota inayozungusha kisu. Swichi ya Z iliyofungwa kwa kufuata maandishi ya bodi haitasomeka kamwe, hata ukinunua swichi kumi. Hamisha waya, na kazi imekwisha.

Udhaifu wake ni USB. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, Grbl humaliza amri chache zilizobaki kwenye akiba yake kisha hungoja kimya, spindeli ikizunguka mahali pamoja na kuuchoma ubao. Doa jeusi lenye harufu ya moshi bila tahadhari yoyote kwenye skrini ni dalili ya waya wa USB au kompyuta iliyosinzia, na jambo la kwanza la kufanya ni kuzima mipangilio ya Windows ya kulaza kompyuta na kupunguzia USB umeme. Upande wa vipuri hakuna mfumo unaoifikia: Arduino Uno ni ya bei nafuu kiasi kwamba ni busara kuwa na ya pili kwenye droo, ikiwa tayari imewekwa programu, pamoja na nakala ya mipangilio yote ambayo Grbl huitoa ukiandika alama za $$.

Mach3

Mach3 ina ukurasa mzuri wa uchunguzi, wenye taa ndogo kwa kila swichi na kitufe cha dharura, na katika hilo inampa mgeni picha iliyo wazi kuliko mistari ya Grbl. Ina pia programu ndogo ya kupima kama kompyuta inatoa mapigo kwa utulivu. Shida yake ni umri. Njia yake ya asili, ya soketi ya printa, inahitaji Windows ya biti 32, kwa hiyo mtu hulazimika kutunza kompyuta ya zamani kwa ajili ya programu, na kompyuta hiyo ikifa, kuipata nyingine yenye soketi hiyo kunategemea bahati ya maduka ya mitumba. Baadhi ya soketi hizo hutoa volti 3.3 badala ya 5, na bodi iliyotengenezwa kwa volti 5 itapokea mapigo mengine na kuyaacha mengine, kosa ambalo kwa macho ni sawasawa na mota dhaifu. Zipo bodi za USB za kuiokoa Mach3 na tatizo hilo, lakini hapo unaongeza programu ya mtu wa tatu kati yako na mashine, na ukurasa wa uchunguzi unaanza kukuonyesha kile ambacho programu hiyo imeamua kukionyesha. Anayeanza leo hana sababu ya kuichagua. Aliyenunua mashine iliyokwisha kufungwa nayo na inafanya kazi asiiguse, ila afanye nakala ya diski nzima leo kabla ya kesho.

LinuxCNC

Huu ndio mfumo unaoona mbali kuliko yote, na ndio unaodai kazi kubwa kuliko yote. Kabla hata ya kufunga mota, huja na jaribio la kupima kompyuta inachelewa kiasi gani kuitikia. Liendeshe huku ukinakili mafaili, ukifungua madirisha na kucheza video, kwa muda wa kutosha, na usome namba ya juu kabisa. Ikiwa chini ya mikrosekunde 20, kompyuta hiyo ni nzuri sana kwa kutoa mapigo kupitia soketi ya printa. Ikiwa kati ya 30 na 50 bado inafaa kwa mwendo wa wastani. Ikizidi 100, itafute nyingine au ununue bodi ya nje inayotoa mapigo yenyewe, kama zile za Mesa. Kompyuta za mezani za mitumba hufaulu mara nyingi kuliko laptopu, ambazo hupenda kujipunguzia umeme wakati usiotakiwa.

Nguvu yake halisi ni kwamba kila ishara ndani ya mfumo ina jina na inaweza kutazamwa ikiishi. Kuna kipimo cha kuangalia ishara moja, na kuna kingine kinachochora ishara kwa mstari kama osiloskopu. Chukua kisa cha swichi ya kikomo inayosimamisha kazi kila spindeli inapowashwa. Kwenye Grbl utaona tahadhari namba 1 na kuanza kukisia. Kwenye LinuxCNC utachora ishara ya swichi hiyo, utawasha spindeli, na utauona mchomo mwembamba ukiruka juu na kushuka, mwembamba kuliko kidole au chuma chochote kinavyoweza kubonyeza swichi. Hapo hakuna tena ubishi kama ni swichi au ni kelele za umeme.

Gharama ya uwezo huo ni kusoma. Mipangilio imo katika mafaili ya maandishi, na jina moja lililokosewa herufi huzuia mfumo kuwaka, ingawa ujumbe wa kosa hutaja mstari wenyewe. Mtu asiyependa kukaa na faili mpaka alielewe hatafurahia, na hakuna aibu katika hilo.

Kisanduku kisichohitaji kompyuta

Karakana yenye vumbi la mbao si mahali pa laptopu ya familia, na kwa hoja hiyo pekee kisanduku kina mashabiki wengi. Hakuna USB ya kukatika wala Windows ya kusinzia. Vingi vina ukurasa wa kuonyesha hali ya swichi, sawa na taa za Mach3. Makosa yake ya kawaida ni madogo: flashi ambayo haikuandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, faili lililotolewa kwa inchi badala ya milimita, au amri ambayo kisanduku hakiijui. Lakini kasoro ikiwa ndani ya kisanduku chenyewe, safari imeishia hapo. Huwezi kukifungua kukielewa, ujumbe wake mara nyingi ni tafsiri mbovu, na kipuri chake ni kisanduku kingine kizima.

Kelele za umeme na kutu

Spindeli ya kilowati 2.2 inayozunguka mara 24,000 kwa dakika huendeshwa na inveta inayotoa umeme wa masafa hadi hezi 400 kwa kukatakata umeme kwa kasi kubwa, na waya wake hueneza kelele kwa kila waya mwembamba ulio jirani. Grbl ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu pini za Arduino Uno hushikiliwa juu na rezista za ndani za kilo-ohm 20 hadi 50, ambazo mvuto wake ni dhaifu. Weka rezista ya nje ya kilo-ohm chache kwenda volti 5 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda hasi, karibu na bodi, na tahadhari nyingi za uongo zitakwisha. Mach3 na LinuxCNC zina mpangilio wa kupuuza mchomo mfupi, na ni kishawishi kuutumia kama dawa ya kila kitu, lakini ni afadhali kuzima kelele kwenye chanzo: waya wa spindeli wenye ganda la kinga lililofungwa erthi, ukipita njia tofauti na waya za swichi.

Jaribio la kugundua ni lilelile kwa mifumo yote. Endesha faili ileile kisu kikiwa hewani na spindeli imezimwa. Kisha hewani spindeli ikiwa imewashwa. Kisha ndani ya ubao. Kazi ikiharibika mara ya pili, ni kelele. Ikiharibika mara ya tatu tu, ni nguvu ya mota haitoshi. Kama kompyuta ni laptopu, rudia pia chaja ikiwa imechomolewa, kwa sababu wakati mwingine njia ya erthi kupitia chaja ndiyo inayobeba kelele hadi kwenye USB.

Kuhusu swichi, chagua zinazopitisha mkondo wakati wa kawaida na kuukata zinapoguswa. Karibu na bahari viungio vya shaba hupata kutu ya kijani, na swichi ya aina hii hutoa tahadhari mara tu mguso unapoharibika au waya unapokatika, ilhali ile ya kinyume chake hunyamaza na kungoja mpaka mhimili ugonge chuma. Kwenye Grbl aina hiyo huhitaji $5 kuwa 1.

Umeme unapokatika

Hapa mpangilio wa mifumo unabadilika. Visanduku vya mkononi kama vya RichAuto hukumbuka mahali kazi ilipokatikia na hutoa nafasi ya kuendelea, ingawa ni lazima mashine itafute nyumbani kwanza, kwa sababu mota zisizo na umeme husukumika. Grbl haikumbuki mstari, lakini sifuri ya kazi, yaani mahali pa kuanzia kuchonga, uliyoiweka kwa amri ya G54 hubaki kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, tofauti na ile ya G92 ambayo hufutika. Mwenye swichi za nyumbani ataandika $H, amri ya kutafuta nyumbani, atarudi kwenye sifuri ileile, na ataanza kutoka mstari anaoukadiria akirudi nyuma kidogo. Asiye na swichi za nyumbani mara nyingi ameipoteza kazi, awe anatumia mfumo upi.

Watu wengi hufikiria kununua betri ya akiba kwa ajili ya kompyuta, kidhibiti na draiva, na kuiacha spindeli kwenye umeme wa kawaida kwa kuwa inakula sana. Mpango huo ni mbaya kuliko kutokuwa na betri kabisa: umeme ukikatika, spindeli husimama huku mota zikiendelea kusukuma kisu kisichozunguka ndani ya ubao mpaka kivunjike. Ikiwa betri inatumika, fundi umeme aweke rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayolishwa na laini ya spindeli, na mguso wake uende kwenye pini ya kusimamisha mwendo, ambayo kwa Grbl kwenye Uno ni A1. Umeme ukikatika, mashine husimama papo hapo ikiwa bado inajua ilipo. Kwa upande wa spindeli, kifaa kilekile ambacho nyumba nyingi huweka nyuma ya friji ili kuchelewesha umeme unaporudi kina faida hapa pia, mradi kiwe na uwezo wa mkondo unaotakiwa.

Nani achukue kipi

Anayechonga mbao, plaiwudi na plastiki kwa mihimili mitatu, na ambaye anaweza kuvumilia mistari michache ya maandishi, achukue Grbl pamoja na draiva zinazojitegemea, swichi za nyumbani na Arduino ya akiba. Si kwa sababu ni nafuu, bali kwa sababu kila kiungo chake kinaweza kupimwa, kubadilishwa na kununuliwa bila kungoja meli. Aliye na kazi za kuuza, anayefungua faili zilezile kila wiki na hana hamu ya kuelewa kilichomo ndani, atatulia zaidi na kisanduku, akikubali kwamba siku kitakapokufa atangoja kingine. Mach3 nimeshaitolea maoni.

LinuxCNC ni ya anayefanya kazi ya chuma, hasa anayetaka kuigeuza mashine ya zamani ya kukereza. Kukata nyuzi za bolti kunadai kisu kisogee kwa kufuata mzunguko halisi wa spindeli, na kwa hiyo spindeli lazima iwe na enkoda yenye alama ya mzunguko mmoja. Grbl ya kawaida haina amri za kazi hiyo. LinuxCNC inazo, G33 na G76. Na nyuzi zikitoka zimepandana, enkoda yenyewe inaweza kuchorwa kwenye skrini: zungusha kwa mkono kibano cha mashine kinachoshika chuma, polepole, na uhesabu kama alama ile inatokea mara moja tu kwa kila mzunguko.